Fuko wa bustani hataki bastola, ataka subira

Leo tuache kidogo mambo ya karo za shule na bei ya unga, tuingie bustanini. Mvua ndefu zinapoanza kunyesha mwezi wa Machi au Aprili, udongo mwekundu wa Lavington hulainika, na hapo ndipo mgeni asiyebisha hodi hufika. Unaamka Jumamosi asubuhi, unafungua mlango wa nyuma, na katikati ya sukumawiki unakuta vifusi vya udongo mbichi vimefuatana kama askari wa gwaride. Mche uliokuwa umesimama jana leo umelala. Ukiuvuta, unakuja mkononi bila mzizi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wetu yu mizizini.

Jina lake ni fuko. Wakikuyu humwita huko, na hakuna mkulima kutoka Kiambu hadi Nyeri ambaye hajawahi kumlaani. Wala usidhani kwamba ni taabu ya watu wa mashambani pekee. Lavington yenyewe ilikuwa shamba kabla haijawa mtaa. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin hapo mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, na wakapanda kahawa katika miteremko ile. Nyumba zikaja, barabara zikaja, sasa magorofa yanaota kila pembe, lakini chini ya nyasi za bustani zilizosalia fuko anaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna aliyemwarifu kuwa shamba limegeuka jiji.

Swali la leo, msomaji, ni hili: tumfanye nini? Kuna wenye hasira wanaotamani bunduki. Kuna wenye haraka wanaokimbilia sumu. Nami nasema kwamba wote wawili wamekosea njia, na aliye sahihi ni yule mzee mwenye kipande cha waya na kijiti cha kupinda. Hebu tulia nikueleze.

WAMAREKANI NA BASTOLA YENYE DARUBINI

Wenzetu wa Marekani nao wana mchimbaji wao. Ni mnyama wa jamii ya kindi, mnene kushinda paka, mwenye miguu mifupi na meno ya kukata, na wao humwita graundihogi. Wakati wa baridi hulala ndani ya shimo lake miezi kadhaa bila kula, moyo wake ukipiga mara chache tu kwa dakika. Theluji inapoanza kuyeyuka, mwezi wa Februari au Machi, hutoka akiwa na njaa. Huko jimbo la Pennsylvania, katika mji wa Punxsutawney, watu hukusanyika kila tarehe 2 Februari kumtazama mmoja wao akitolewa shimoni, ati akiona kivuli chake baridi itaendelea kwa majuma sita zaidi. Sherehe hiyo imefanywa tangu miaka ya 1880.

Lakini mkulima wa Marekani hana hamu ya sherehe. Mashimo ya graundihogi humharibia malisho, hutikisa trekta, na ng'ombe au farasi akitumbukiza mguu humo anaweza kuumia. Kwa hiyo wawindaji wanapomwomba ruhusa ya kuingia shambani, yeye huwakaribisha. Wanapenda mwanzo wa majira ya kuchipua kwa sababu nyasi bado ni fupi na mnyama huonekana kutoka mbali. Wengine huenda na bunduki ndefu, na wengine hujipa mtihani mgumu zaidi: bastola yenye mtutu mrefu na darubini juu yake. Mwindaji hulala kifudifudi au hukaa kando ya ua, huegemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga, na husubiri. Anaweza kusubiri asubuhi nzima ili afyatue risasi moja tu.

Naam, kila nchi na desturi zake. Shamba la Marekani laweza kuwa na mamia ya ekari bila nyumba, na nyuma ya shabaha pana kilima cha udongo cha kupokea risasi. Sasa chukua ramani ya Lavington. Risasi ndogo kabisa, ile ya namba .22, ina nguvu ya kuruka zaidi ya kilomita moja. Simama karibu na maduka ya Lavington, piga duara la kilomita moja, kisha hesabu shule, makanisa, vituo vya matatu na watoto wanaoendesha baiskeli ndani ya duara hilo. Utaacha kuhesabu kabla hujafika nusu.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Isitoshe, sisi tulishaamua. Zamani Nairobi ilikuwa mlango wa wawindaji wa dunia nzima. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika hapa na mwanawe Kermit, na kabla ya safari yao kumalizika wawili hao walikuwa wameua wanyama 512. Wakati huo huo Mwafrika aliyetega swara wa kulisha watoto wake aliitwa jangili na kutiwa ndani. Jambo hilo tusilisahau tunapowasomea watoto wetu historia.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji kote nchini, kwa mzungu na kwa mweusi, kwa tajiri na kwa maskini. Mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na vikumbusho vya wanyama ikafungwa pia. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikakazia marufuku hayo kwa adhabu kali. Hivyo, kijana anayesoma habari za Marekani akawaza kununua bastola ya kuwindia aelewe mapema: Kenya hakuna uwindaji wa kujifurahisha. Silaha yenyewe iko chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na cheti chake hutolewa na bodi baada ya kumchunguza mwombaji. Kufyatua risasi bustanini kwa sababu ya viazi si jambo ambalo polisi watalichekea.

Basi bunduki tumeiweka kando. Turudi kwa fuko mwenyewe, maana adui usiyemjua hukupiga mara mbili.

MJUE ANAYEKULA MIZIZI

Vitabu vingi vya bustani vilivyoko madukani viliandikwa Uingereza, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Fuko wa Uingereza hula nyungunyungu na wadudu. Mizizi haimhusu. Fuko wetu wa nyanda za juu ni mgugunaji, ndugu wa mbali wa panya, na chakula chake ni mizizi na viazi: viazi vitamu, karoti, nduma, mizizi ya migomba, hata majani ya nepia uliyomlimia ng'ombe. Kwa hiyo dawa ya kuua nyungunyungu ili fuko wakose chakula, ambayo kitabu cha Kiingereza hukushauri, hapa ni kutupa pesa mtoni na kuua viumbe wanaokulimia bure.

Fuko wetu si mkubwa. Mmoja aliyekomaa hujaa kiganjani, kama gramu 200 na ushei. Macho yake ni madogo lakini yapo, masikio yamejificha manyoyani, mkia ni mfupi, na meno yake ya mbele ya rangi ya machungwa hutokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Meno hayo ndiyo jembe lake. Hung'oa udongo kwa meno, huusukuma nyuma kwa miguu, kisha hugeuka na kuusukuma juu mpaka utokeze. Kile kifusi unachokiona asubuhi ni takataka za mchimbaji tu. Chini yake kuna njia ndefu zinazopita kwenye mizizi, na mahali fulani ndani zaidi kuna chumba chenye kitanda cha nyasi, ghala la chakula na kona ya choo.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo litakalokuokolea fedha. Fuko wetu huishi peke yake. Kila mmoja ana njia zake, na wakikutana nje ya msimu wa kujamiiana hupigana. Vifusi ishirini si fuko ishirini. Huenda ni kazi ya mmoja tu, au wawili. Mwenye bustani anayeona vifusi ishirini hushtuka, hununua sumu ya kuua jeshi, kumbe adui ni askari mmoja.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wasimchanganye na binamu yake wa nchi kavu, fuko asiye na manyoya, anayepatikana pande za Ukambani na kaskazini mwa Kenya. Huyo huishi kwa makundi makubwa, pengine hata mia mbili na zaidi, wakiwa na malkia mmoja anayezaa na wengine wakifanya kazi kama nyuki. Mtaalamu Jennifer Jarvis ndiye aliyeujulisha ulimwengu wa sayansi jambo hilo mwaka 1981, kwa kuchunguza fuko waliotoka nchini mwetu. Mnyama huyo mdogo huweza kuishi zaidi ya miaka 30, na wataalamu wa maradhi ya saratani na uzee wanamchunguza katika maabara za ng'ambo. Kiumbe tunachokidharau kijijini kina maprofesa wake.

MTEGAJI KAZINI

Rudi sasa kwa mzee wetu mwenye waya. Katika Mkoa wa Kati wa zamani, utegaji wa fuko ni kazi ya heshima, nao vijana wengi walipata pesa zao za kwanza za daftari kwa kazi hii. Zana zake ni haba: panga, kipande cha waya laini, uzi, na kijiti kibichi kinachopindika bila kuvunjika.

Kwanza hutafuta kifusi kibichi, ambacho udongo wake bado una unyevu. Kifusi kilichokauka ni habari ya juzi. Hukichimbua taratibu mpaka aione njia, kisha huiacha wazi. Fuko hapendi mwanga wala upepo nyumbani kwake. Akihisi hewa inaingia, atakuja kuziba. Tabia hiyo ya usafi ndiyo inayomponza.

Mtegaji huweka kitanzi cha waya ndani ya njia, kikiizunguka sawasawa. Kitanzi kimefungwa kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini nje na kupindwa kama upinde. Kinachokizuia kijiti kisiruke ni uzi unaoshuka na kukatiza njia, mbele kidogo ya kitanzi. Fuko anakuja akisukuma udongo wa kuziba, anakuta uzi umemzuia, na kwa desturi yake anaukata kwa meno. Kijiti kinanyooka, kitanzi kinakaza, na kesi imekwisha. Hakuna kelele wala harufu, na jirani hashtuki usingizini.

Mtego mzuri hutazamwa asubuhi na jioni. Usiache mnyama akiteseka kwenye waya siku nzima kwa sababu umekwenda harusini. Kuua inapobidi ni jambo moja, na kutesa ni jambo jingine, na watoto wako wanaangalia unafanya lipi.

Malipo nayo yana adabu zake. Kwa kawaida mtegaji hulipwa kwa kila fuko anayemkamata, naye huja kumwonyesha mwenye shamba: "Mama, huyu hapa wa pili." Mama humtazama, hutikisa kichwa na kufungua kibeti. Wapo wajanja, bila shaka, wa kuleta fuko wa shamba jingine ili walipwe mara mbili. Dawa yao ni rahisi. Baada ya fuko kunaswa, fungua njia mahali pawili patatu na uziache wazi. Zikizibwa kwa siku moja au mbili zijazo, mwenyewe bado yupo. Zikibaki wazi, nyumba imebaki tupu, na mtegaji amestahili jasho lake.

NA SUMU JE?

Hapa, msomaji, nakuomba uniskize kwa makini, maana si viazi tena, ni maisha.

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Mnyama aliyekula hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa amedhoofika, na katika siku hizo hunyakuliwa na paka, mbwa au bundi. Sumu iliyo tumboni mwake huhamia kwa aliyemla. Umeua fuko mmoja, ukaua na mlinzi wako. Na chembe zake huwa na rangi nzuri, nyekundu au buluu, ambazo mtoto wa miaka miwili hawezi kuzitofautisha na peremende.

Kibaya zaidi ni vile vidonge vya kufukizia nafaka ghalani ambavyo wengine huviangusha shimoni. Kidonge kikikutana na unyevu wa udongo hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo haina dawa ya kuizima mwilini. Njia ya fuko nayo haina heshima kwa ukuta: yaweza kupita chini ya banda la kuku au chumba cha mfanyakazi wa nyumbani, na gesi hufuata njia. Usiruhusu kabisa mtu yeyote akuletee vidonge hivyo katika ploti yenye watu.

Kenya ilikwisha kupata funzo chungu. Dawa ya wadudu ya kabofurani, iliyojulikana sana kwa jina la Furadan, ilitengenezwa kwa ajili ya mimea. Wafugaji waliopoteza ng'ombe kwa simba waligundua kwamba ikitiwa katika mzoga huua kila kinachogusa. Wakafa simba, wakafa fisi, wakafa tai kwa makundi. Kelele zikawa nyingi hadi mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaamua kuiondoa katika soko la Kenya. Tai waliokufa hawakurudi.

Nawe kumbuka kuwa fuko ana maadui wa asili wanaokufanyia kazi bila kudai mshahara. Yuko mwewe mwenye mkia wa rangi ya kutu, anayeonekana akikaa juu ya nguzo za umeme katika nyanda za juu. Huko Naivasha na kwingineko, fuko ni kitoweo chake kikubwa. Wapo pia bundi, ambao hunasa fuko anapotoka juu ya ardhi usiku. Lakini sisi bundi tunampiga mawe, ati analeta kifo akilia juu ya paa. Tunamfukuza askari, kisha tunalalamika kuwa wezi wameongezeka. Waambie watoto kwamba bundi analeta jambo moja tu nyumbani: panya na fuko wachache.

BUSTANI MOJA HAITOSHI

Neno la mwisho ni la ujirani. Ukimwondoa fuko mmoja, njia zake hubaki kama nyumba isiyo na mpangaji, na haipiti muda mrefu kabla ya fuko mchanga kutoka upande wa pili wa ukuta kuhamia. Mtaani Lavington kila mtu ana lango lake, mbwa wake na taa zake za usalama. Majirani wa miaka kumi huenda hawajuani majina. Fuko hajui lango. Anapita kwa Mama Fulani, anatokea kwa Daktari Fulani, anaishia kwenye uwanja wa shule. Mkimwita mtegaji mmoja awatembelee nyote juma moja, mkachangia malipo, mtapata nafuu kuliko kila mmoja kupigana vita vyake peke yake. Na baada ya kazi, zibeni njia zilizo tupu kwa udongo na kuzishindilia.

Wengine hupanda utupa kando ya bustani, ule mmea ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, wakiamini kuwa fuko huukimbia. Wapo wanaousifu na wapo wanaosema haukuwasaidia. Ukiupanda, uweke mbali na kidimbwi cha samaki na mbali na mikono ya watoto. Kitanda cha mboga kilichoinuliwa na kutandazwa wavu wa chuma chini yake ni kazi ya siku moja, lakini hukulinda kwa miaka. Na iwapo mgeni wako si fuko bali ni kima au mnyama mwingine wa porini, usimtegee waya wala kumrushia sumu. Wapigie simu watu wa KWS, ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Enyi wanafunzi, hii hapa kazi ya likizo. Chukueni karatasi, chora bustani au uwanja wa shule, na kila asubuhi kwa siku kumi tieni alama kila kifusi kipya. Unganisheni alama kwa mistari. Mtaona njia ya mnyama ambaye hamjamwona kwa macho, na mtaweza kukisia ni wangapi. Mkimwonyesha mtegaji ramani hiyo, atawaheshimu.

Mwindaji wa Marekani mwenye bastola ya darubini na mzee wa Kiambu mwenye waya wana jambo moja linalowafanana: wote wawili husubiri. Tofauti ni kwamba mzee wetu anaweza kufanya kazi yake huku mtoto wako akichezea mpira hatua tano kutoka alipo, na mtoto akarudi ndani kula chajio.

Hadi Jumapili ijayo, funga lango, lakini msalimie jirani.